Nani Amebeba Let ya Musoki?

"Haiko! Mama Régine, ndege yangu haiko!"

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, katika salle, ukumbi wa parokia, mtaa wa Rwambuzi, Bunia. Musoki, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika karton tupu. Mwaka ule bunduki zilikuwa zimenyamaza Ituri, ingawa hakuna aliyeziamini, na klabu ya ndege ndogo ilikuwa inafanya mashindano yake ya kwanza. Kila mshindani aliunganisha Let 410 ya plastiki, mfano wa ndege zinazotua Bunia kila siku. Mshindi angeingia staji, mafunzo ya kazi ya ufundi, kwenye uwanja wa ndege. Nafasi moja tu! Musoki alikuwa anaiota nafasi hiyo tangu Noeli.

Mama Régine, mkuu wa jury, yaani waamuzi, alifanya kazi uwanjani miaka mingi, na hakuwa mtu wa kuchezewa. Alifunga mlango, ufunguo akautia mfukoni.

"Hakuna mutu atatoka. Gaspard, nani aliingia hapa jana jioni?"

Gaspard, mlinzi wa salle, alijikuna kichwa. "Aimé na Baudouin, mama. Kila mumoja alisema anaenda kurekebisha ndege yake."

Macho yote yalimwendea Aimé. Juma zima alikuwa anajigamba kwamba Musoki hamuwezi, na sasa vidole vyake vilikuwa na rangi ya bluu, mbichi kabisa.

"Ni weye!" Musoki alimrukia.

"Hapana mimi! Hii ni rangi ya kibao! Mama Régine njo alinituma!"

Régine alifungua, akagusa kibao cha mashindano nje ya mlango, akafunga tena. Kidole kikarudi na bluu. Alitikisa kichwa. "Vidole vyako vimejieleza. Jana jioni ulifanya nini hapa, bado haijajieleza."

Baudouin, kijana mpole wa mtaa wa Ngezi, alimshika Musoki bega. "Pole, dada. Tutaipata tu."

Lakini wangeitambuaje? Desturi ya klabu ilikuwa moja: hakuna kuonyesha ndege yako kabla ya siku ya jury. Na juu ya meza Let zilibaki mbili, zote za bluu, hakuna yenye mstari mwekundu aliouchora Musoki. Régine alimvuta binti pembeni.

"Niambie kitu chenye rangi haiwezi kuficha. Ndani ya pua uliweka uzito gani?"

Hapo kila muundaji anaelewa. Let ina gurudumu la mbele. Pua ikiwa nyepesi, ndege inakalia mkia.

"Muchanga mweusi wa machimbo ya Nizi," Musoki alinong'ona. "Ule unabaki kwa karai baba akiosha zahabu. Iko muzito sana."

Régine nusura apige kigelegele. Alimtuma Gaspard alete sumaku ya radio iliyokufa, akarudi mezani.

"Vijana, jury inaanza. Kwa pua muliweka nini?"

"Plomb, risasi ya kuzamisha nyavu, ya wavuvi wa Kasenyi," alisema Aimé.

"Mimi pia plomb," Baudouin alijibu haraka.

Régine aliweka sumaku mbele ya ndege ya Aimé. Haikusogea. Akaisogeza mbele ya ile ya Baudouin. Magurudumu yakazunguka, ndege ikakimbia yenyewe, pua ikanasa kwenye sumaku: ta!

"Yezu wangu!" Gaspard alipiga kelele.

"Plomb haifuate sumaku, mutoto," alisema Régine. "Muchanga mweusi njo unaifuata. Muulize muchimbaji yeyote anasafisha zahabu yake na nini." Akakwaruza bluu kwa ukucha. Chini yake ukatokea mstari mwekundu wa Musoki.

Baudouin aliketi sakafuni.

"Kole, ile gundi, ilipindisha bawa la ndege yangu. Baba alisema nikikosa staji, naenda kuchimba Nizi. Udongo ulimufunika yaya yangu, kaka mukubwa, mule. Niliogopa, mama. Niliogopa sana."

Régine akachukua rula. "Jury inahukumu yenye iko mezani."

Musoki aliinamia ndege yake. Bluu ya wizi ilikuwa imeziba mistari yote ya mabati aliyoichonga kwa sindano. Ya Aimé ilikuwa safi, inang'aa. Aimé aliiangalia, akaangalia ile nyingine, akakunja uso.

"Mama, hiyo rangi si ya Musoki. Na pua yenye inatoka kwa karton ni fupi, siye wote tunajua. Mimi niliiacha hivyo, uvivu tu. Yeye aliirefusha. Pima."

Régine alipima, akalinganisha na vipimo vya ndege ya kweli, akapima tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Iko sawa kabisa. Staji ni ya Musoki!"

Musoki aliruka, akalia, akamkumbatia hata Aimé. Furaha ilipotulia kidogo, Régine alifungua mlango.

"Baudouin, twende kwa baba yako."

"Ataniua, mama."

"Miye nakuja," Musoki alisema, akipangusa macho. "Baba yangu anashuka mule kila siku, na kila jioni mama anasimama mulangoni mupaka afike. Weye hauende Nizi. Ni miye niliibiwa, ni miye nitamwambia baba yako."