Uchochoro Uliokataa Kufutika

Jirani yetu mmoja kazi yake ni kuchora ramani, na mtaani tumezoea kumwita Mama Ramani. Mwaka ule hospitali ilimpa kazi ya kupiga picha mitaa yote, ili madereva wa magari ya wagonjwa wazijue nyumba kabla hawajafika. Kazi haikuwa ngumu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliendesha gari taratibu. Kamera iliyofungwa juu ya paa ilipiga picha yenyewe kila baada ya sekunde chache, na kifaa cha GPS pale mbele kikarekodi njia waliyopita.

Asubuhi moja tulivu alikaa mezani na chai yake, aziunganishe picha na njia ile. Picha inajua imepigwa saa ngapi, haijui imepigwa wapi. GPS inajua yote mawili. Ukilinganisha saa, kila picha inapata mahali pake. Tabu ni kwamba saa ya kamera ilikuwa mbele, kwa hiyo picha ya duka la dawa ikaangukia katikati ya mto. Lakini Mama Ramani si mgeni wa mambo hayo. Kabla ya kuondoka alikuwa ameipiga picha saa ya kile kifaa kwa kamera hiyohiyo, aone zinavyopishana. Akaitazama tofauti, akairekebisha, duka la dawa likarudi barabarani. Mitaa yote ikakaa sawasawa.

Isipokuwa picha chache. Hizo zilijibandika ndani ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa zamani.

Akazisogeza. Zikarudi. Akapunguza sekunde, mji mzima ukahama, zenyewe zikabaki palepale.

"Lione hili nalo!" akaifyonya kompyuta kama mtoto mtukutu. Adhuhuri ikamkuta hajala, kichwa kinamgonga, na hospitali imeshaanza kupiga simu kuulizia kazi yao.

Mwishowe akafanya alichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Akazitazama zile picha zenyewe.

Uchochoro mwembamba. Milango ya mbao kushoto na kulia. Akamwita shemeji yake.

"Shemeji, huku tulipita lini?"

"Huku? Gari lingepenya wapi?"

"Si nakuuliza wewe dereva!"

"Na mimi nakwambia hatujapita. Usinitafutie lawama bure."

Akabofya. Milango yote imefungwa. Akabofya. Mmoja, ule wa mwisho kabisa, umefunguka kidogo. Akabofya. Umefunguka zaidi. Katika picha ya mwisho mlango uko wazi, na mtu amelala kizingitini, mkono ameunyoosha kuielekea kamera.

"Zifute," shemeji akanong'ona.

"Nifute nini? Kazi ya watu hii!" Hasira ilikuwa imeuzidi woga. Akamburuta shemeji mpaka garini, wakaenda.

Jua lilikuwa kali. Waliuzunguka ule ukuta wote. Zaidi ya geti, hakuna mlango, hakuna hata ufa. Getini alikuwepo mlinzi.

"Baba, humu ndani hakuna uchochoro?"

Mlinzi aligeuka kutazama nyuma yake kwanza. "Ulikuwepo kabla ya kiwanda," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wake waliugua, nyumba hadi nyumba. Wakaita, wakaita. Hakuna aliyeijua njia ya kuwafikia."

Mama Ramani alipofika nyumbani alizifuta zile picha, kwenye kompyuta na kwenye kamera. Akaikagua ramani: ukuta ni ukuta. Akaituma hospitali, akaifunga kompyuta kwa kishindo, akalia. Ni uchovu tu, alimwambia mumewe.

Wiki haikuisha. Mchana simu ikaita. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa.

"Mama, ramani yako nzuri mno. Leo imetuingiza mpaka ndani ya ule uchochoro wa kiwandani bila kumuuliza mtu."

Mama Ramani akaifungua ramani: ukuta ni ukuta.

"Tumembeba mgonjwa, alikuwa mlangoni. Njia nzima hakusema neno." Dereva akashusha sauti. "Njoo, mama. Tafadhali njoo."

Alienda. Gari lilikuwa limesimama uani pa hospitali, milango ya nyuma wazi. Machela imo ndani. Shuka nyeupe. Mikanda imefungwa, imekazwa.

Hakuna mtu.

"Kawatoroka," alisema. Hakuitambua sauti yake mwenyewe.

Dereva akatikisa kichwa. Akawaita wenzake, wanaume wa miraba minne, wakaishika machela kila upande. Wakavuta. Misuli ikawatuna, jasho likawatiririka.

Haikunyanyuka.

Gari lile bado lipo pale uani. Hakuna anayeligusa. Ila wanaopita karibu wanasema magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzama ardhini, kidogo kidogo, kama vile ndani wanazidi kupanda watu.