Kandambili za Uzi wa Kijani

Basi la wageni lilikuwa limeshatoka getini pa kiwanda cha mashati na kushika barabara ya Dar, washonaji bado wanapunga mikono, mayowe yalipotoka stoo ya rangi. Mtunza stoo alikuwa amefungua kufuli na kumkuta Fatu, mshonaji wa mashati, amelala sakafuni. Amekufa. Miguu mitupu.

Inspekta Hafidha alikuja Mapinga kutoka Bagamoyo, yeye na daktari wa polisi. Daktari aliingia stoo, akatoka anakohoa.

"Mvuke wa dawa za rangi. Hana jeraha."

Meneja, Ashrafu, alikuwa na jibu tayari. "Mwizi huyo, afande. Alifuata madumu ya rangi."

"Akajifungia kwa nje?"

Ashrafu akafuta jasho.

Ummy, aliyeshona kwa cherehani ya jirani na ya Fatu, alisogea. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Fatu alisema leo atawaambia wageni. Wao ndio wanaonunua mashati yetu, walikuja kukagua. Milango ya moto inapigwa kufuli siku zote, inafunguliwa wakija wao tu. Maji ya rangi yanamwagwa kwenye mikoko. Sasa wanakwenda uwanja wa ndege. Wakishapaa, nani atatuuliza tena?"

Hafidha alipiga simu. "Lisimamisheni basi la wageni kabla halijafika uwanja wa ndege. Abiria wake ni mashahidi." Akamgeukia Ummy. "Ulimwona wapi mara ya mwisho?"

"Chumba cha kusalia cha wanawake, adhuhuri. Nimesujudu, nikasikia mtu anamwita kwa kunong'ona. Natoa salamu, hayupo."

Basi aliyemwita ni mwanamke, Hafidha aliwaza. Mwanamume haingii mle.

Mlangoni pa chumba kile ilibaki jozi moja ya kandambili. Kiwanda kiliwapa wote za bluu, za namna moja, kwa hiyo kila mshonaji alifunga uzi wake kwenye mkanda.

"Za Fatu hizi?"

"Hapana. Fatu uzi wake wa kijani. Huu mwekundu..." Ummy akainama kuutazama. "Wa dada Mwanvita."

Mwanvita, msimamizi wa washonaji, aliitwa.

"Umesali hapa leo?"

"Wiki hii sisali, afande. Sijasogea huko."

"Vua kandambili."

"Mbele za watu?"

"Vua, mama. Sijakuomba gauni."

Wawili watatu wakacheka. Mwanvita akavua. Mkanda ulikuwa na uzi wa kijani.

Mwanvita akakaa chini palepale. "Haraka tu. Nilimshika mkono, nikachomeka miguu kwenye kandambili za kwanza nilizozikuta. Yeye nikamkokota peku."

"Kwa nini?"

"Wageni wakisikia, oda inaondoka. Kiwanda changu cha kwanza kilikufa hivyohivyo, tukakaa nyumbani watoto wanatutazama machoni. Nilitaka basi liondoke, nimfungulie. Wallahi, nilijua atanitukana. Sikujua atakufa."

"Ufunguo ulitoa wapi?"

"Bosi alinipa wa akiba. Alisema, mfiche mpaka waondoke."

"Nina wakili," Ashrafu alisema.

"Utampigia kituoni." Hafidha akatoa pingu.

Basi lilirudi. Ummy alisimama mbele ya wageni, akasema yote ambayo Fatu alitaka kuyasema.

Fatu alizikwa Miono, kwao. Mwanvita alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Anashona sare gerezani. Ashrafu naye alifungwa. Wanunuzi hawakuondoa oda. Waliongeza bei ya shati, na sasa wanakuja bila taarifa. Maji ya rangi yanasafishwa kabla ya kutoka, na milango ya moto haina kufuli. Ummy ni mwenyekiti wa wafanyakazi. Hafidha alihamishiwa Chalinze. Kesi ilipokwisha, mama yake Fatu alikabidhiwa kandambili za uzi wa kijani. Anazivaa kwenda shamba.