Tufaha la Nyumba ya Mfano

"Mama, jisikie nyumbani. Ukikubali tu kuachia lile shamba, kesho wewe na binti yako mnahamia hapa kwangu."

Huyo ni mchumba wangu, muuza nyumba wa mji mpya. Suti imembana, amepanua mikono katikati ya sebule utadhani tofali zote alibeba mwenyewe. Mashamba ya jirani zetu yameshakuwa lami na nyumba za kufanana. Limebaki letu tu, na limekaa pale wanapotaka kupitisha barabara ya kuingilia.

Mama alichukua tufaha mezani, akaling'ata, akalirudisha.

"Mwanangu, hili la plastiki."

"Ah, pambo tu hilo, mama!" Alicheka peke yake.

"Basi nioneshe pa kunawa."

Bomba la jikoni lilikohoa, likanyamaza. Nikafungua friji. Tupu, hata waya haina. Nikagonga televisheni ya ukutani. Boksi!

"Mpenzi, wewe unaishi hapa kweli?"

"Ndiyo... yaani, ndiyo nahamia hamia."

Mara mlango ukafunguliwa. Mlinzi akaingia na mtu na mkewe.

"Bosi, wateja wako wamefika. Karibuni, hii ndiyo nyumba ya mfano. Viatu mvue, zulia la kampuni hilo."

Jasho likamtoka mchumba wangu. Akanivuta pembeni.

"Nisikilize. Mama akisaini, napandishwa cheo. Tutajenga ya kwetu."

Mama alisikia.

"Baba, ulikuja kuposa binti au shamba?"

Macho yakamponyoka, yakaenda dirishani, kwenye mahindi yetu. Jibu nikalipata hapo hapo, na liliniuma. Mwanaume mzima! Niligombana na ndugu zangu wote kwa ajili yake, kumbe namtetea dalali.

Nikavua pete, nikaitupa kwenye bakuli la matunda.

Mke wa mteja akasogea. "Samahani, dada, na hiyo inakuja na nyumba?"

"Inakuja nayo. Na huyu kaka pia, mchukueni. Ni wa maonyesho."

Tukavaa viatu, tukarudi zetu shambani kupalilia.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wake:

"Nisamehe mpenzi. Nakupenda wewe, sio shamba. Nipe nafasi nikujengee nyumba ya kweli."

Nilimsomea mama. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikamjibu maneno matatu tu:

"Anza na maji."