Sauti ya Mkiani

Haya yalimpata rafiki yangu profesa, yule mshairi aliyekuwa rubani enzi za vita. Sikuyaokota njiani, kanisimulia mwenyewe.

Mchana mmoja alikwenda redioni kurekodi lile shairi lake linaloliza watu. Ndani ya shairi, ndege inaungua angani. Sheria ni kwamba rubani huruka na parachuti mwisho, akishamwita kila mwenzake na kuitikiwa. Shairi linasema alimwita mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege, kijana wa watu hakuitika, ikaonekana kafa, ndipo naye akaruka. Uongo mtupu! Hakumwita. Aliruka akamwacha hai, na kila akipigiwa makofi kwa shairi hilo, roho humsuta.

Basi akavaa hedifoni, mlango mzito ukafungwa. Hajamaliza ubeti wa kwanza, taa zikazimika, chumba kikawa giza totoro. Akaendelea tu, maana shairi analijua kwa ghibu.

"Mkiani, ruka!" akaghani, kisha akanyamaza kidogo, kama kawaida yake.

Masikioni upepo ukaanza kuvuma. Mtu akakohoa, kikohozi cha moshi.

Mlango ukafunguliwa. "Samahani, mzee," fundi mitambo akasema, akimulika tochi. "Umeme umekatika, hakuna kinachofanya kazi humu. Umeme ukirudi tutaanza upya."

Profesa alikuwa ameshazivua hedifoni, kazilaza mapajani, na humo ndani sauti ya kijana, yenye adabu zote, ilikuwa bado inauliza: "Nimekusikia, rubani. Niruke sasa?"