Niliandika Barua Kuhusu Fundi wa Chemchemi

Ndugu wasomaji, nina umri wa miaka arobaini na tatu, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu huku Nyakasimbi, wilaya ya Karagwe. Nilikuwa na mke. Nilikuwa na binti anayeitwa Koku. Wote wako hai, tena wako hapo Kaisho tu... lakini kwangu hawarudi. Nikiwaambia nilichofanya, hamtawalaumu.

Mimi si mwenyeji wa huku. Kwetu ni Singida. Nilifika Kagera mwaka wa vita, nikiwa kijana mwenye bunduki begani, na vita vilipokwisha sikuona haja ya kurudi. Nilipata kazi ya ukarani wa kupokea kahawa kwa sababu ya mwandiko wangu. Nasema bila haya, mwandiko wangu ni mzuri! Nikamwoa Anastazia, binti wa Kinyambo kutoka Kaisho, na wakwe zangu walinipokea kama mtoto wao.

Kisha Anastazia akachaguliwa kuwa diwani wa kata yetu.

Kwanza nilifurahi. Mihtasari yake yote niliandika mimi, barua zake za Halmashauri niliandika mimi, na alipokuwa akisifiwa kule wilayani kwa maandishi safi nilijiona na mimi ni diwani nusu. Lakini kata yetu ina watu wa kila namna. Wako Wanyambo, Wahaya, na familia ambazo wazee wao walitoka Rwanda na Burundi kulima na kuchunga. Kila kundi lilikuwa na manung'uniko yake. Mke wangu aliwazungukia wote, nyumba kwa nyumba, kuwaomba watoke pamoja kujenga chemchemi, maana watu na ng'ombe walikuwa wakinywa dimbwi moja.

Huku nyuma mimi nilikuwa nikipasha ndizi moto mwenyewe. Nikienda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wenzangu wananitania, "Mume wa mheshimiwa, umeomba ruhusa?" Nilicheka nao. Moyoni, ndugu zangu, nilikuwa nikiungua!

Ndipo akaja Silivesta.

Silivesta alikuwa fundi mwashi. Baba yake alitoka Burundi zamani, na yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi Bukoba. Mke wangu ndiye aliyemwita aje kujenga chemchemi. Akaja na mkewe Veneranda na watoto watatu, wakapewa kibanja, kipande cha ardhi cha kuishi na kulima, karibu na bonde. Alikuwa mrefu, mchapakazi, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mke wangu aliongea naye Kinyambo cha haraka ambacho mimi, pamoja na miaka yangu yote huku, nilikuwa nikikidaka kipande kipande. Walikuwa wakicheka nini? Kwa nini nyumbani alikuwa hacheki, ila anachoka tu?

Siku moja ya kazi nilikwenda bondeni. Wanaume walikuwa wakibeba mawe, wanawake wakileta chakula. Anastazia alikaa juu ya jiwe karibu na Silivesta, akafungua fundo la kanga yake, akatoa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo huku kila mgeni hukaribishwa nayo. Hilo halikunisumbua. Lakini Silivesta alichukua punje moja, akaipasua kwa meno, akampa mke wangu nusu... na mke wangu akaila!

Mbele ya watu! Na watu hawakushtuka! Nikajua basi, kijiji kizima kinajua, mjinga ni mimi peke yangu. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mimi sijawahi kupewa hata nusu ya punje.

Jioni ile nilimuuliza kwa ukali Silivesta ni nani kwake. Alikaa chini kwa utulivu, akaanza kunieleza habari za marehemu baba yake, na shamba la Kaisho, na kahawa. Nikaona ananizungusha. Niliinuka, nikatoka, nikamwacha anaongea na ukuta. Laiti ningekaa! Ilikuwa habari ya dakika tano tu.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wamefurika mkoani kwetu, na mtu yeyote mwenye jina la ng'ambo alikuwa akitazamwa mara mbili. Nililijua hilo. Nikakaa mezani mchana kweupe, nikaandika barua kwenda kwa wakubwa wa wilaya. Niliandika kwamba kuna mgeni aitwaye Silivesta, kwamba aliingia na wakimbizi, hana karatasi, na kwamba diwani anamficha kwa sababu zake binafsi. Sikutia jina langu. Lakini mwandiko sikuubadilisha. Hata katika ubaya sikutaka kuandika vibaya!

Askari walikuja na gari siku ya Jumanne. Walimkuta Silivesta ndani ya shimo la chemchemi, saruji mikononi. Aliomba anawe, wakamwambia atanawa mbele ya safari. Veneranda alilikimbilia gari lile mpaka kwenye kona, na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya watu, nikatikisa kichwa kwa masikitiko kama wengine.

Na niwaambie ukweli... nilifurahi. Usiku sikuota chochote, nililala fofofo.

Anastazia alipanda lori la kahawa kwenda wilayani. Alikaa siku tatu. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba, na uso wake sikuuelewa. Hakulia. Hakula. Aliniambia kwamba Silivesta amekwishavushwa mpaka, na yeye ametakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini alimficha mgeni. Akaweka karatasi na kalamu mbele yangu kama siku zote.

"Baba Koku," akasema, "andika. Mimi nitataja."

Nikaandika. Alitaja polepole. Kwamba baba yake Silivesta alifika Kaisho na mtoto huyo akiwa ananyonya, akapewa kazi katika shamba la kahawa la baba mkwe wangu. Kwamba mwaka wa njaa wazee wale wawili walilishana kahawa iliyotiwa damu yao, wakafunga undugu ambao Wanyambo huuita omukago. Kwamba tangu siku hiyo watoto wa nyumba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, hawaoani, hawatamaniani, na wakikutana baada ya kutengana hugawana punje moja kuwakumbuka wazee. Kwamba yeye na Silivesta walikuwa wamebaki peke yao, ndugu zao wengine wote wamekufa.

Herufi zikapinda. Nilitaka kusimama, lakini safari hii nilikuwa nimeshika kalamu.

"Andika," akasema tena. "Andika kwamba kaka yangu hana karatasi kwa sababu aliletwa mgongoni kwa mama yake."

Nilipomaliza, akatoa karatasi nyingine ndani ya kanga, akailaza kando ya ile niliyoandika. Ilikuwa barua yangu. Wakubwa walikuwa wamempa ili aijibu. Zilikaa pale mezani pamoja, mwandiko mmoja, mkono mmoja.

Mke wangu akasema jambo ambalo nitazikwa nalo.

"Wewe ulikuja hapa na bunduki begani. Hakuna aliyekuuliza karatasi."

Maelezo yale aliyapeleka. Hayajajibiwa hadi leo. Hakumwambia mtu yeyote kuwa barua ile ni yangu... na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kama angenitangaza sokoni. Alimaliza muda wake wa udiwani akibeba mawe na wanawake wenzake mpaka fundi mwingine alipoifunika chemchemi. Siku maji yalipotoka kwenye bomba, alimchukua Koku, akarudi kwao Kaisho. Veneranda alikuwa ameshaondoka na watoto kumtafuta mumewe. Hatujasikia kama walimpata. Kibanja chao kimemezwa na majani.

Wanaume wenzangu, mnaosoma haya huku mkijidai hamna wivu! Mkeo akiwa mtu wa watu, usimhesabie vicheko vyake. Akianza kukueleza jambo, kaa chini umsikilize mpaka mwisho, hata kama unaungua. Nawasihi, msishike kalamu mkiwa na hasira. Mimi niliishika, nikamfukuza nchini mtu aliyekuwa akinijengea maji ya kunywa.

Maji yale ninayachota kila asubuhi, sina mengine. Na kila nyumba ninayoingia huku hunikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kwa kuwa bado hawajui. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Napokea punje moja kwa mikono miwili, nashukuru... halafu wakigeuka naitia mfukoni.