Pingamizi la Mama Mkwe

Kila asubuhi fundi baiskeli alipanga spana zake mkabala na duka la ushonaji la marehemu mkewe. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Ndani mlibaki vyerehani vinne na nguo za wateja. Mwenye nyumba alishasema wazi:

"Mkataba ulikuwa wa mkeo. Niletee msimamizi wa mirathi tuandikishane upya. Mwaka ukiisha bila hivyo, chumba nampa mwingine."

Binti yake mkubwa, aliyejifunza kushona humo humo kwa mama yake, siku hizi alishinda kibarazani mikono mitupu. Hilo ndilo lililomkata baba yake maini.

"Makarani wa mahakama wamelikalia faili la mirathi," fundi alimlalamikia kila aliyeleta pancha. "Wanataka kitu kidogo hao!"

Siku moja alikuja jirani yao, msaidizi wa sheria anayewasaidia watu bure. Hakuleta baiskeli. Alifuata gauni.

"Shemeji, gauni langu limo humo, lina mkono mmoja. Harusini niende nusu?"

Fundi alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Akamweleza yote.

"Cheti cha kifo ulipeleka?" aliuliza jirani.

"Nilipeleka."

"Na kikao cha familia?"

"Tulikaa mimi na kaka zangu. Wakaniteua mimi."

"Upande wa marehemu je?"

"Mama mkwe nilimpelekea karatasi asaini. Nilimpa mtu wa pikipiki. Ikarudi tupu, nikaipeleka mahakamani hivyo hivyo."

Jirani alishika kiuno. "Makubwa! Hebu twende tukaulize."

Mahakamani, karani hakuomba hata maji ya kunywa. Alilitoa faili, akalifungua mbele yao.

"Halijapotea, mzee. Tulipotangaza mirathi hii, mama wa marehemu aliweka pingamizi. Mpaka asikilizwe, hakimu hawezi kumteua mtu."

Fundi alichemka. "Kumbe anataka kunipora!"

"Taratibu, shemeji," alisema jirani walipotoka nje. "Mirathi huchelewa kwa mengi. Kuna anayechelewa kufuata cheti cha kifo. Kuna anayemwacha mrithi mmoja nje, au kuficha mali. Yako imekwama kwa sababu ndugu hamkukaa pamoja. Msimamizi si mwenye mali. Anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi. Ndugu wasipomwamini, kazi haiendi. Umemuuliza mama ana neno gani?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Tangu mazishi hujaenda kwake?"

"Sijaenda."

Kesho yake alikwenda na binti yake. Walimkuta mama mkwe sebuleni akikunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo pikipiki imeharibika?"

Fundi alikaa chini, karibu na miguu yake.

"Sitaki cherehani hata kimoja," alisema mama mkwe. "Nimezaa mtoto, nikamzika. Halafu mnakaa kumzungumzia, mimi naletewa karatasi kama mpokea mzigo! Na wewe mwenyewe ukanitupa."

"Sikukutupa, mama. Una sura yake. Kila nikipanga kuja, naona kama nitamkuta yeye mlangoni. Naogopa."

Mama mkwe aliiacha nguo aliyokuwa akikunja. Wakalia wote watatu, bila kuoneana haya.

Wiki ile kikao kilifanyika upya, nyumbani kwa mama mkwe, pande zote mbili zikiwepo. Mali yote ilitajwa. Madeni yalitajwa. Warithi wote waliandikwa. Fundi aliteuliwa tena, na safari hii mama mkwe alisaini wa kwanza.

Siku ya kesi, hakimu alimuuliza mama mkwe kama bado anapinga.

"Naliondoa pingamizi, mheshimiwa. Huyu ni mwanangu."

Haikuchukua muda, mahakama ikampa fundi barua ya usimamizi. Mwenye nyumba aliisoma, akaandika mkataba mpya, na mwaka ulikuwa haujaisha.

Siku ya kufungua duka walikwenda pamoja. Binti aliingia mbio, akafungua madirisha, akaanza kufuta vumbi kwenye vyerehani. Wateja wawili walikuwa wanasubiri tayari. Lakini fundi alisimama mlangoni, miguu imegoma.

Mama mkwe alimshika mkono.

"Twende, mwanangu," alisema. "Hata mimi naogopa."