Jina Lililotajwa Kitahana

Vipande havikutaka kutawanyika. Mwalimu Safina alikuwa amelowesha wembe, akakata shina lililobanwa ndani ya kiazi ili lisiteleze, akaviacha vipande vyembamba vielee kwenye sahani ya maji, navyo vikajikusanya upande aliosimama yeye. Akahamia upande wa pili. Vikamfuata. Akalaumu upepo, ingawa madirisha ya maabara yalikuwa yamefungwa, maana mwalimu wa baiolojia hakosi sababu.

Alipokiweka kimoja chini ya hadubini, kilinuka damu mbichi.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Kibondo, binti yake Tunu alimwonyesha mkono. Ulikuwa na michanjo myembamba, imepangana kuanzia kiwiko.

"Hainiumi, mama. Nasikia baridi tu."

Kesho yake Safina alikata tena, kwani kidato cha nne walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa vitendo wa mwaka 2013. Hajamaliza, msichana wa nyumbani akaja mbio: michanjo ya Tunu imefika begani, na mipya ilitokea asubuhi hiyo hiyo. Wembe ukamtoka mkononi. Akamgeukia Bazilio, mhudumu wa maabara aliyemletea shina.

"Ulilitoa wapi?"

"Kitahana," Bazilio alinong'ona. "Kwenye kigabiro, kile kichaka cha matambiko kilichoota palipokuwa boma la mwami, mtawala wetu wa kale. Miti ya pale kwetu haikatwi ila kwa dawa, na lazima uutajie mti jina la mgonjwa."

"Ukamtaja nani?"

Bazilio aliinamisha kichwa. "Nisingeweza kukata bila jina, mwalimu. Nikamtaja Tunu. Niliona ni heshima tu, kwa kuwa haumwi."

Safina alitamani kumzaba kofi, lakini akakimbilia nyumbani kwa mtoto.

Alimwita Bi Kuruthumu, mganga aliyeaminiwa na wenye maduka wa pale mjini. Bibi akafukiza ubani, akamnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, akaanza kusoma dua, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya damu ilivyoumeza ubani, na juu ya bati kitu kikaanza kukwaruza polepole, kikitoka pembe ya mlango, kikipita sebuleni, kikija chumbani hadi kikasimama juu ya kitanda cha Tunu, na mtoto, macho yakiwa wazi, akainua kidevu mwenyewe kana kwamba kuna mtu amemwomba shingo.

"Halitoki," Bi Kuruthumu alisema kwa sauti ya chini. "Jini hili halikuvamia, mwanangu. Lilipewa mtu, halina haja tena na mti ule. Litamwachia likipewa mwingine."

"Litajie mimi."

"Safina, fikiri kwanza."

"Litajie mimi, bibi."

Jina likatajwa. Mkwaruzo ukakoma. Kufikia asubuhi michanjo ya Tunu ilikuwa imefunga, naye akaomba uji, na Safina akalia kwa furaha mbele ya jiko.

Wiki iliyofuata alirudi maabara. Shina la Kitahana alikuwa ameshalichoma. Wanafunzi walipewa mashina ya maharage ya bustani ya shule, kila mmoja na wembe wake. Wembe wa kwanza ulipopita, Safina alihisi baridi nyembamba nyuma ya goti, kisha joto likimteremka hadi kwenye soksi. Wa pili ukapita, akahisi begani. Alifungua mdomo awazuie, sauti ikagoma kutoka. Meza ya nyuma, msichana mmoja alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu, kipande changu kimetoka kinene. Nikate kingine?"